Alama za Saratani katika Damu ya Wenye Maradhi ya Figo

Katika vipimo vya damu ambavyo watu huviogopa kabla ya kuvielewa, vimo vile vya alama za saratani, yaani protini ambazo baadhi ya uvimbe huzitoa kwa wingi katika damu, na ambazo tabibu huzipima ili apate kukisia kama maradhi yamo, yanapungua kwa dawa, au yamerejea baada ya kupoa. Mojawapo ya za awali ni CEA, iliyotangazwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman wa Montreal, Kanada, walioikuta katika saratani ya utumbo mpana. Lakini aghalabu alama hizi si za saratani peke yake, kwani hata mwili wenye siha huzitengeneza kwa kiasi kidogo. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi sote tumeona mawingu yakipita bila tone. Na juu ya mgonjwa aishiye kwa kusafishwa damu kwa mashine, mawingu ya namna hii huweza kutanda mwaka mzima.

Sababu yake ni dhahiri. Figo nzima, pamoja na kuchuja taka, huziondoa katika damu protini ndogondogo mchana na usiku. Mashine nayo humhudumia mgonjwa aghalabu mara tatu kwa juma, takriban saa nne kila mara, na utando wake huzipisha kwa wepesi taka kama yurea, ilhali protini nyingi huzizuia. Basi kilichokuwa kikitoka kila siku hubaki kikilimbikizana. Beta-2 maikroglobulini, yenye uzito wa daltoni zipatazo 12,000 tu, hupimwa na matabibu wa maieloma, saratani ya uboho. Nayo katika damu ya mgonjwa wa mashine hupanda mara nyingi kupita kiasi cha kawaida, bila ya kuwako saratani yoyote.

Tazama karatasi ya majibu ya mzee aliyepimwa tezi dume. Juu pana PSA jumla, ambayo sehemu yake kubwa imeshikamana na protini nyingine hata ikawa nzito mno kwa chujio la figo. Hii haisumbuliwi sana na maradhi ya figo, na tabibu aweza kuitegemea. Chini yake pana PSA huru, iliyo nyepesi, na uwiano wa hizo mbili. Kwa mtu mwenye figo nzima, uwiano mkubwa wa PSA huru hutia matumaini kwamba tezi imekua kwa uzee tu. Kwa mgonjwa wa figo, PSA huru hupanda kwa kukosa njia ya kutokea, kisha hushuka damu ipitapo katika utando wa kisasa wenye vitundu vikubwa; basi uwiano ule ule waweza kumliwaza asiyestahili kuliwazwa, au kumtisha asiye na ugonjwa, ijapokuwa maabara haikukosea hata kidogo.

Kwa wanawake, CA 125, ipimwayo kwa ajili ya saratani ya ovari na ambayo kikomo chake cha desturi ni 35, hutengenezwa pia na utando laini uliotanda ndani ya tumbo na kifua. Maji yakijaa humo, jambo liwapatalo mara kwa mara watu wasiopata mkojo wa kutosha, utando huo huchokozeka na kuimwaga CA 125 hata ikavuka kikomo. Hapo kabla ya kutamka neno saratani, ni busara kuyapunguza maji na kupima tena.

Hali kadhalika SCC, CYFRA 21-1 na HE4 hupanda kwa figo mbovu peke yake, na CEA huweza kupanda kwa kadiri. AFP, ya saratani ya ini, husimama imara zaidi. Wataalamu hawakukaa kimya: katika kupima vipande vyepesi vya kingamwili, kapa na lamda, ambapo uwiano wa mwenye siha ni baina ya 0.26 na 1.65, iliwekwa mizani nyingine kwa wenye figo dhaifu, baina ya 0.37 na 3.1, kwa kuwa figo nzima huiondoa kapa upesi kuliko lamda. Tatizo ni kwamba karatasi nyingi za maabara huchapa vikomo vya watu wenye figo nzima.

Kwa ajili hiyo yafaa damu itolewe wakati ule ule kila mara, kabla ya kuunganishwa na mashine, maana maji yakishaondolewa damu huwa nzito na protini kubwa huonekana zimezidi. Yafaa pia tabibu aambiwe vidonge vya vitamini anavyomeza mgonjwa, kwani baiotini iliyomo huweza kuvidanganya baadhi ya vipimo. Na namba moja isihukumiwe peke yake: inayopanda mfululizo mwezi baada ya mwezi ina uzito kuliko iliyo juu lakini haisogei.

Hofu ya bure si hasara ndogo, kwani yaweza kumchelewesha mtu anayesubiri kupandikizwa figo. Wala kupuuza si salama. Miongoni mwa saratani zimnyemeleazo zaidi mgonjwa wa mashine ni ile ya figo zake mwenyewe, ambazo baada ya miaka hujaa vifuko vya maji. Nayo haina alama ya damu inayotegemewa, bali hutafutwa kwa altrasaundi na picha nyinginezo. Basi akiambiwa alama imepanda, aulize ni alama gani, kwa kikomo cha nani, na damu ilitolewa saa ngapi. Na akiambiwa alama zote ni shwari, asidhani kuwa figo zake zimekwisha kukaguliwa.