Feni ya Paa na Hewa ya Kulalia Garini

Machi 2011, barabara ya vumbi inayoelekea Samunge, kijiji jirani na Digodigo wilayani Ngorongoro, iligeuka kuwa malazi ya maelfu ya watu. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimfahamu kama Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa Sh500, na foleni ya magari yaliyokifuata ilinyooka kilomita nyingi porini. Noah, Hiace, Landikruza na mabasi yalisimama hata siku kadhaa. Humo walilala wagonjwa wa kisukari, pumu, Ukimwi na kifua kikuu, wamebanana na ndugu waliowasindikiza. Wengi walizungumzia dawa. Hewa waliyokuwa wakivuta usiku kucha ndani ya bati lile haikuzungumzwa sana.

Mwasapila alifariki 2021 na foleni ile ilishakwisha kitambo, lakini kulala garini hakujaisha. Madereva na matingo wa malori hulala humo, na madereva wa watalii vilevile kambi zikijaa. Siku hizi wapo pia wasafiri wanaojiendesha wenyewe katika magari yenye kitanda na jiko, wanaotoka Mto wa Mbu, wakapita Engare Sero pembeni mwa Ziwa Natron, wakapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Sale na Digodigo, kisha wakaendelea Wasso. Magari hayo mara nyingi huwa na kidirisha cha mraba juu ya paa, na ndani yake feni. Ni kifaa kidogo ambacho watu wengi hukinunua kwa gharama kubwa na kukitumia vibaya.

Ili kuona kazi yake, ni vizuri kuanza na mwili wa mtu aliyelala. Mtu mzima aliye usingizini hutoa takribani lita 12 za hewa ukaa kila saa, na kwa usiku mmoja hupoteza karibu robo lita ya maji kwa pumzi na ngozi. Sasa chukua Hiace iliyogeuzwa chumba, yenye nafasi ya mita za ujazo nane hivi, walale watu wawili. Kama ingefungwa kabisa, hewa ukaa ingeongezeka kwa takribani sehemu 3,000 kwa milioni kila saa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi. Baada ya saa mbili tu wangekuwa wamevuka 5,000, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa ukomo kwa mfanyakazi anayeshinda kiwandani saa nane. Gari halisi huvuja hewa milangoni na kwenye mipira ya vioo, kwa hiyo mambo huenda polepole zaidi, lakini hewa hiyo iliyochakaa ndiyo asili ya kichwa kizito cha asubuhi na uchovu ambao dereva hulaumu godoro. Halafu dereva wa namna hiyo anashika usukani kuteremka kona za Ngorongoro.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa 2021 kuhusu hewa ya ndani, lilipendekeza walau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo ya umma. Ukichukua kipimo hicho kwa watu wawili, unapata mita ya ujazo moja na kidogo kwa dakika. Feni za paa zinazouzwa kwa ajili ya magari ya kulala, kama zile za MaxxAir, zikizungushwa kwa kasi ya juu kabisa zinaweza kusukuma takribani mita za ujazo 25 kwa dakika. Yaani kinachohitajika na watu wawili waliolala ni sehemu ndogo sana ya uwezo wake.

Kwa hiyo mnunuzi anayeuliza feni ipi ina nguvu zaidi anauliza swali lisilo na uzito. La maana ni kujua hewa itaingilia wapi. Batemi, wenyeji wa Digodigo, wamelima kwa mifereji kwa vizazi vingi, na wazee wao, wenamiji, ndio wenye kauli juu ya zamu za maji. Hakuna mkulima huko asiyejua kuwa ukiziba mdomo wa mfereji juu, huku chini hata uchimbe vipi hupati maji. Hewa nayo ndivyo ilivyo. Feni inayotoa hewa juu ya paa huku vioo vyote vimepandishwa hunguruma, hula betri, na haibadilishi kitu cha maana.

Kupima kama hewa inaingia hakuhitaji mtaalamu. Kata utepe mwembamba wa karatasi ya chooni, urefu wa kiganja. Washa feni itoe hewa, shusha kioo kimoja kidogo, kisha ning'iniza utepe kwenye upenyo huo. Utepe ukilala kuelekea ndani na kutulia hivyo, hewa inaingia. Ukining'inia wima, au ukipepea huku na huku, tafuta kizuizi. Kisha rudia kwenye dirisha la upande mwingine. Upenyo unaofaa ni ulio mbali na feni: feni ikiwa juu ya miguu, hewa iingie karibu na vichwa, ili ipite mwilini mwa aliyelala kabla ya kutoka. Ukifungua kioo kilicho chini ya feni yenyewe, hewa huingia na kutoka palepale, na anayelala upande wa pili hapati chochote.

Juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ushauri huu hukutana na upinzani wa kweli: baridi. Wanaolala kambi ya Simba hujifunika mablanketi mawili na kufunga kila tundu. Asubuhi vioo vya ndani vinachuruzika, godoro limelowa upande wa bati, na baada ya safari chache doa jeusi la kuvu hujitokeza pembeni ya mto. Kwa mwenye pumu, kuvu hiyo si jambo la usafi tu. Chembe zake huamsha kikohozi na kubana kifua.

Wengi huamini kuwa kufungua dirisha kwenye ukungu mzito kutaingiza maji zaidi. Fizikia inasema kinyume. Hewa baridi ya nyuzi nane, hata ikiwa imejaa ukungu, hubeba takribani gramu nane tu za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa joto na miili hadi nyuzi 20, inaweza kubeba gramu 17. Imeingia na nafasi, inatoka na unyevu wa pumzi. Ndiyo maana kupitisha hewa kidogo usiku kucha hukausha gari hata kwenye mawingu ya Ngorongoro, mradi matone yenyewe ya ukungu na mvua yasipeperukie ndani.

Na huko juu feni mara nyingi haina haja ya kuzunguka. Hewa ya ndani, ikiwa na joto kuliko ya nje, ni nyepesi. Hupanda na kutokea kwenye kidirisha cha paa, na ile nzito ya baridi huingia kupitia upenyo wa chini. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayoendesha dohani. Wilayani Monduli, mradi wa Maasai Stoves and Solar umekuwa ukifunga majiko ya matofali yenye dohani ndani ya nyumba za Kimaasai, na wanawake wa vijijini ndio mafundi. Nyumba hizo kwa desturi ni za chini, zenye matundu madogo, na moshi wa kuni hukaa usawa wa macho ya mama na mtoto. WHO inakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Msafiri aliyefunga feni juu ya gari lake na mama aliyejengewa dohani wanategemea kanuni moja.

Teremka Natron, na hesabu inageuka. Ziwa liko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hupita nyuzi 40. Hapo tofauti kati ya ndani na nje haitoshi kuinua hewa. Feni lazima ifanye kazi. Lakini haileti ubaridi. Inachoweza ni kuondoa joto lililojikusanya chini ya bati na kusaidia jasho likauke. Hewa yenyewe ikishapita nyuzi 40, feni humpuliza mtu joto, na WHO hushauri isitegemewe katika hali hiyo. Kilicho bora ni kivuli, maji ya kunywa na kitambaa kilicholoweshwa shingoni.

Vumbi nalo lina kanuni zake. Udongo wa upande huu umechanganyika na majivu ya volkano, Ol Doinyo Lengai ikiwa jirani kabisa. Mlipuko wake wa 2007 na 2008 ulimwaga majivu maeneo mengi ya hapo. Gari likitembea, mgandamizo wa hewa nyuma ya bodi hushuka, na vumbi hufyonzwa kupitia mipira ya mlango wa nyuma pamoja na moshi wa ekzosi. Feni ikiwa inatoa hewa wakati huo inaongeza ufyonzaji. Basi safarini ifungwe, au kama ni ya aina inayozunguka pande zote mbili, iwekwe kuingiza hewa kupitia kichujio, ili hewa ya ndani isukume vumbi nje. Mwenye fedha ya kuchagua sifa moja tu ya ziada, achague hiyo ya kugeuza mwelekeo, kabla ya rimoti na taa za urembo.

Mbu wapo Digodigo, ambako ni chini kuliko ukingo wa kreta, kwa hiyo kila upenyo unahitaji wavu. Wavu hupunguza mwendo wa hewa, hasa ukishika vumbi. Uoshwe.

Kufunga feni yenyewe ni kazi ambayo mafundi wa Arusha, wanaokata mapaa ya Landikruza za watalii mwaka mzima, wanaiweza vizuri. Tundu la kawaida ni mraba wa sentimita 36 hivi. Fundi mzuri hukagua kwanza upande wa ndani, kama kuna mwamba wa chuma au waya, ndipo atoboe pembe nne na kukata. Kingo zipigwe tupa, zipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha uwekwe utepe wa butili chini ya fremu, na kila kichwa cha skrubu kifunikwe gundi ya kuzuia maji. Anayeruka rangi kwa haraka atarudi baada ya masika mawili, kutu imeshakula paa. Waya upite kwenye fyuzi. Kwa spidi ya chini feni hula chini ya nusu ampea, hivyo usiku mzima ni ampea-saa tano au pungufu, ambazo haziibabaishi betri ya ampea-saa 100; kwa spidi ya juu inaweza kufika ampea tatu au nne, na asubuhi gari likagoma kuwaka kama betri ni moja.

Asiye na uwezo huo, au mwenye hema juu ya keria lisiloacha nafasi ya feni, hajakosa njia. Feni mbili za kupoozea kompyuta, za volti 12 na upana wa sentimita 12, zikifungwa kwenye ubao uliokatwa kwa umbo la dirisha la pembeni na kufunikwa wavu, hutoa kile wanachohitaji watu wawili waliolala. Kila moja hula sehemu ya ampea tu.

Faida ya hewa inayopita haiishii kwenye usingizi. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ugonjwa unaosafiri kwa chembe ndogo zinazoelea hewani kwa saa nyingi. Watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo yao 2007, waligundua kuwa wodi za kawaida zilizofunguliwa madirisha na milango zilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, wakati vyumba vyenye mitambo vilikuwa na mabadiliko 12. Kwa Hiace iliyombeba mgonjwa anayekohoa kwenda hospitali ya Wasso, vioo viwili vilivyoshushwa, kimoja mbele na kimoja nyuma upande wa pili, ni kinga kwa dereva na ndugu wote walio ndani.

Kuna jambo moja ambalo feni hailiwezi, na ni lazima lisemwe waziwazi: haimlindi mtu aliyeingiza jiko la mkaa garini. Mkaa uliokolea hauna moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Unaendelea kutoa monoksaidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwenye ukingo wa kreta hewa yenyewe tayari ni nyembamba kwa karibu robo. Injini ikiachwa ikiunguruma ili kupata joto, feni inayotoa hewa inaweza kuvuta moshi wa ekzosi uingie kupitia sakafu na mlango wa nyuma.

Dalili za sumu ya monoksaidi ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito, na kinachozitofautisha na malaria ni kwamba huwapata wote waliomo kwa pamoja, bila homa. Watolewe nje mara moja, jiko na injini vizimwe, wapelekwe hospitali yenye oksijeni, iwe Wasso, Endulen au Karatu, kutegemea walipo. Muuguzi aambiwe tangu mlangoni kuwa walilala na jiko au injini ikiwaka, kwa sababu kifaa cha kawaida cha kubana kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba monoksaidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa anayekosa hewa.