Kuhesabu Feza ya Kazi ya Masikio

Watu wengi wanauliza: «Munganga anatazama sikio dakika chache tu. Juu ya nini tunalipa?» Ni ulizo zuri. Bwana Yesu alifundisha kwamba mutu anayetaka kujenga munara anaketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaacha kazi katikati (Luka 14:28-30). Chumba cha masikio nacho kinataka hesabu ya namna hiyo.

1. Feza inakwenda wapi?

Sehemu moja ni mushahara wa munganga. Sehemu ingine ni dawa, pamba, sabuni na umeme. Tena kuna mashine ya kupima kusikia. Inapaswa kukaguliwa na kusahihishwa kila mwaka. Bila hivi inadanganya, na mugonjwa anapewa chombo kisichomufaa.

2. Chombo cha kusikia

Chombo hiki kinakuza sauti. Bei yake inalipwa mara moja, lakini pile yake inakwisha upesi. Tufanye hesabu. Kama pile moja inatumika juma moja, sikio moja linataka pile 52 kwa mwaka, na masikio mawili 104. Kwa miaka 5 ni pile 520! Tena kipande kinachoingia ndani ya sikio la mutoto kinapaswa kutengenezwa upya, kwa maana sikio lake linakua.

Basi, kumupa mutoto chombo bila kufikiri juu ya pile ni kujenga nusu ya munara. Atamusikia mwalimu majuma machache, kisha chombo kitalala ndani ya sanduku. Inafaa hospitali iweke akiba ya pile kutoka kila malipo, na jamaa nao waanze akiba yao siku ile ile. Pile nyingi za chombo hiki zina karatasi ndogo juu yake. Usiiondoe mbele ya siku ya kutumia, kwa maana hewa ikiingia pile inaanza kwisha.

3. Feza kidogo inayookoa feza nyingi

Mutoto anayetoka usaha sikioni aletwe upesi. Munganga atamufundisha mama kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara 3 kila siku, kisha kutia matone aliyoagiza. Usitie mafuta, manyoya wala kijiti. Kazi hii ni ya bei ndogo. Mukikawia, ngoma ya sikio inaweza kubaki na tundu, na kusikia kutapunguka.

Mwaka 2021 Shirika la Afya la Dunia lilionyesha kwamba kila dola 1 ambayo serikali inatumia kwa kazi ya masikio inaweza kurudisha karibu dola 16 kwa miaka 10. Mutoto anayesikia anajifunza, na mutu muzima anayesikia anafanya kazi.

Wazazi na mashemasi, mujiulize: katika kijiji chetu, ni mutoto gani anayeitwa na haitiki? Musimupige wala kumuita mukaidi. Mumulete apimwe. Kama wazazi wake hawana kitu, kanisa lihesabu gharama pamoja nao.