Gofu ya Visahani Uani: Namna ya Kuchagua Kikapu cha Kuhamishika

Wanafunzi wa Kiswahili hujifunza mengi darasani, lakini ulimi hulainika zaidi mahali watu wanapocheza, wanapotaniana na wanapobishana kuhusu alama. Kwa sababu hiyo, makala haya yanaueleza mchezo ambao bado ni mgeni katika sehemu zetu, yaani gofu ya visahani. Yanamlenga hasa mwalimu au mwanafunzi wa hapa Rusizi mwenye ua mdogo wa nyumba ya kupanga na fedha za kuhesabu, ambaye angependa kuwa na kikapu cha mazoezi kinachoweza kuhamishwa. Chombo hiki kikichaguliwa vibaya, fedha hupotea na kutu hubaki.

Mchezo wenyewe

Gofu ya visahani huchezwa kama gofu ya kawaida, ila badala ya mpira na fimbo mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kwa mkono. Anayefikisha kisahani kikapuni kwa mitupo michache zaidi ndiye mshindi. Hapo mwanzo watu walilenga miti, nguzo na mapipa. Ubishi haukuwa na mwisho: kimegusa, hakikugusa? Mmarekani Ed Headrick ndiye aliyetafuta dawa ya ubishi huo. Uwanja wake wa Oak Grove, California, ulifunguliwa mwaka 1975. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha wachezaji wa mchezo huu, na mwaka 1977 alipata hataza ya kikapu chenye minyororo. Tangu hapo sauti ya minyororo imekuwa ndiyo mwamuzi.

Kikapu kina sehemu nne. Kuna nguzo ya katikati. Kuna duara la juu linaloning'iniza minyororo. Kuna kikapu chenyewe kilicho chini ya minyororo. Na kuna kitako kinachoshika vyote visianguke. Kisahani kikigonga minyororo hupoteza kasi na kudondoka ndani. Kikitua juu ya duara la juu, hakihesabiwi.

Kwanza, vipimo

Kikapu cha mazoezi kina kazi moja kubwa, nayo ni kukuambia ukweli. Kipokee mtupo ambao ungepokewa uwanjani, na kikatae ule ambao ungekataliwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia si rangi wala jina la kiwanda, bali futi kamba.

Kwa kanuni za mchezo, ukingo wa kikapu huwa sentimita 82 kutoka ardhini, ukizidi au kupungua kwa sentimita 6. Kutoka ukingoni hadi duara la juu pana takriban nusu mita, na upana wa kikapu ni kama sentimita 65. Vikapu vingi vya bei nafuu ni vifupi na vyembamba kuliko hivyo. Wembamba si kasoro kubwa, maana anayezoea shabaha ndogo huiona kubwa kuwa rahisi. Ufupi ndio wenye madhara, kwa sababu mkono huzoea kuachia kisahani chini, na siku ya kucheza uwanjani kila mtupo hugonga ubavu wa kikapu.

Pili, minyororo

Vikapu vya kitambaa vinavyokunjwa kama mwavuli vina uzito wa kilo chache tu, navyo hubebeka hata kwenye basi. Vinafaa watoto na matembezi. Hata hivyo, kitambaa humeza kila kitu na hakimfundishi mchezaji kutofautisha mtupo laini na mtupo wa nguvu mno.

Kwa mazoezi ya kweli tafuta minyororo ya chuma ya safu mbili, ya nje na ya ndani. Safu ya nje hupunguza kasi. Ya ndani huzuia kisahani kisipenye na kutokea upande wa pili au kugonga nguzo na kurudi. Kikapu chenye safu moja ya minyororo myepesi hutema hata mitupo mizuri, na mwanafunzi huishia kurekebisha kosa ambalo si lake. Unapokagua, ingiza mkono kati ya minyororo na uusukume kuelekea kwenye nguzo. Ukipita bila kizuizi, kisahani nacho kitapita.

Tatu, kitako na uzito

Neno "kuhamishika" lina maana mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Kuna kikapu kinachofunguliwa vipande vipande ili kisafirishwe, na kuna kinachoinuliwa kizima na kuingizwa ndani jioni. Aliye katika nyumba ya kupanga anahitaji vyote viwili. Kikapu kikilala nje kinaweza kugeuka chuma chakavu mikononi mwa wengine, na siku ya kuhama lazima kiingie garini.

Kikapu chepesi mno huanguka kwa upepo wa ziwani, na kizito mno hakihamishwi, hubaki mvuani. Kipimo rahisi ni hiki: mtu mzima mmoja aweze kukisogeza peke yake bila kuita jirani. Kitako cha miguu mitatu hutulia vizuri zaidi kwenye ardhi isiyo sawa kuliko sahani bapa ya chuma, na milimani kwetu ardhi iliyo sawa ni ya kutafuta.

Nne, mvua

Rusizi hupata mvua nyingi, hasa kuanzia Machi hadi Mei na tena miezi ya mwisho wa mwaka. Rangi ya kawaida hupasuka pale minyororo inapogongana, na kutu huanzia hapo. Chuma kilichochovywa kwenye zinki, kama mabati ya paa, hustahimili zaidi. Ukiletewa kikapu cha rangi, uliza minyororo yake imefanywa nini. Minyororo ikiwa na zinki, nguzo unaweza kuipaka rangi upya mwenyewe kila mwaka.

Kununua au kuchomelea?

Kikapu cha kiwandani huagizwa kutoka nje, na uzito wake ndio unaopandisha gharama ya usafiri. Msomaji asikate tamaa, kwani fundi wa kuchomelea aliyepo Kamembe au Bugarama anaweza kukiunda, mradi apewe vipimo vilivyoandikwa.

Ringi kuukuu ya baiskeli ya inchi 28, kama zile zinazobeba magunia barabarani, ina upana wa karibu sentimita 64, na hicho ndicho karibu kipimo tunachokihitaji. Ringi mbili zinatosha: moja ya kuning'iniza minyororo, nyingine kuwa mdomo wa kikapu. Tena ringi ina matundu ya spoku tayari. Yenye matundu 36, ukitumia kila tundu la tatu, hutoa nafasi ya minyororo 12 ya safu ya nje. Safu ya ndani, ya minyororo 6 hivi, ifungwe kwenye pete ndogo ya nondo iliyounganishwa na nguzo. Ncha za chini za minyororo yote zikutanishwe kwenye pete inayoizunguka nguzo, ili isipeperuke. Tumbo la kikapu lisukwe kwa nondo nyembamba, kina chake kiwe kama sentimita 20.

Kwa kitako, simika bomba fupi katika zege lililomiminwa kwenye tairi dogo, kisha nguzo iingie ndani ya bomba hilo na kukazwa kwa bolti. Lita 10 za zege zina uzito wa kilo 24 hivi, nazo zinatosha. Tairi zima la gari likijazwa halisogei tena. Kwa tairi dogo, unaondoa nguzo na kulibingirisha tairi hadi barazani. Tahadhari moja: zinki inayoungua hutoa moshi unaodhuru mapafu. Fundi aikwangue zinki pale anapochomelea, afanye kazi mahali pa wazi, na kiungo kipakwe rangi baadaye.

Mahali pa kukiweka

Kanuni huhesabu mita 10 kuzunguka kikapu kuwa eneo la kutumbukiza: ndani ya duara hilo mchezaji haruhusiwi kuvuka alama yake kabla ya kutulia. Ua wenye mita 5 au 6 tu unatosha kuanzia, maana mtupo wa karibu ndio unaoamua michezo mingi. Kikapu kiwekwe upande wa juu wa mteremko na nyuma yake pawe na ukuta au kingo ya udongo. Ukikiweka upande wa chini, kila kosa litabingirika hadi kwenye maharage ya jirani, na aliye kando ya Kivu akumbuke kwamba visahani vingi vya mchezo huu huzama majini. Watoto wasikae nyuma ya kikapu, na minyororo isisikike usiku watu wakiwa wamelala.

Maneno ya mchezo

Kiswahili husikika pande zote mbili za mto Rusizi, na tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Hatuna haja ya kuazima majina ya chombo hiki chote. Kisahani tunacho tayari katika riadha, kwa hiyo hapa tuseme kisahani cha plastiki pale panapoweza kutokea utata. Kikapu tunacho katika mpira wa kikapu. Mtupo, ukingo, kitako, mnyororo na kutumbukiza ni maneno ya nyumbani. Mwalimu atakayewaacha wanafunzi wahesabu alama kwa sauti, "kimeingia", "kimetoka", "vimebaki viwili", atakuwa amefundisha upatanisho wa ngeli ya KI-VI bila ubao wala chaki. Aliyezoea Kiswahili cha Bukavu na aliyejifunza cha vitabuni watasahihishana wenyewe.

Kwa muhtasari, pima urefu wa ukingo kwanza, kisha kagua safu mbili za minyororo, kisha kiinue uone kama unakiweza, kisha uliza habari ya zinki. Kikapu kilichofaulu mambo hayo manne, kiwe cha kiwandani au cha ringi za baiskeli, kitakufaa kwa miaka mingi. Kilichoshindwa jambo la kwanza usikinunue hata kwa nusu bei.