UZI: Kisima kipya, maji mekundu. Nani aulizwe?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, lakini vumilia. Hii hoja inarudi kila msimu wa siasa huku Ukambani, na kila mara tunagombana bila kuielewa.

Hadithi unaijua. Kisima kinachimbwa kwa mashine, tuseme hapa Katangi ama kokote kule Yatta. Utepe unakatwa, mheshimiwa anakunywa glasi mbele ya kamera, maji ni safi kabisa. Baada ya miezi kadhaa mama anafungua mfereji wa kioski na kupata maji ya rangi ya kutu, yana vipande vya ute na harufu ya yai viza. Shati nyeupe za shule zinatoka na madoa ya kahawia. Chai inageuka nyeusi, muthokoi unabadilika rangi kwa sufuria.

Hapo vita vinaanza kwa makundi ya WhatsApp. Huyu anasema mwanakandarasi alikula pesa akaweka mabomba duni. Yule anasema wapinzani wametia kitu kwa kisima. Na hakosi wa tatu: "Tulieni, hayo ni madini, yanaongeza damu."

Wa tatu tumalizane naye haraka. Kutu si dawa ya damu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha chuma kwa maji kwa sababu ya afya. Linasema tu kwamba ikizidi miligramu 0.3 kwa lita, nguo zinashika madoa na ladha inaharibika. Kwa hivyo si sumu, na pia si tiba. Hatari iko kwingine: watu wakichukia maji ya kisima wanarudi mtoni na kwa silanga, na huko ndiko homa ya matumbo na kipindupindu hupatikana.

Sasa hao wawili wa kwanza. Wote wanatafuta mtu. Lakini kuna mhusika ambaye hakuna anayemtaja, kwa sababu haonekani kwa macho: bakteria wanaokula chuma.

Si mzaha. Wako bakteria wanaoishi kwa kuchukua chuma kilichoyeyuka ndani ya maji, kukichanganya na oksijeni, na kujipatia nguvu kutoka kwa hiyo kazi. Mabaki yake ni kutu. Mmoja anaitwa Gallionella. Mwanasayansi Mjerumani, Ehrenberg, alimweleza tangu miaka ya 1830. Ukimtazama kwa hadubini unaona uzi wa kutu uliosokotwa kama nywele za msusi. Mwingine, Leptothrix, hujijengea mrija wa kutu na kukaa ndani. Nguvu wanayopata kutoka kwa chuma ni kidogo mno, kwa hivyo lazima wachakate chuma kingi ndio waishi. Ndiyo maana kiumbe kisichoonekana anaweza kukujazia tanki matope mekundu.

Na chuma kinatoka wapi? Ardhi yetu ya Ukambani imekaa juu ya miamba ya kale sana, na mingi ina madini yenye chuma. Angalia tu udongo ulivyo mwekundu. Chini kabisa, mahali hewa haifiki, chuma kinaweza kuyeyuka ndani ya maji na maji yakabaki meupe kama ya mvua. Ukitoboa shimo na kuweka pampu, umepeleka oksijeni huko chini. Ni kama umewaandalia bakteria harusi. Wengine walikuwa huko tayari, na wengine huletwa na vyuma vya kuchimbia vilivyotoka kisima kingine bila kusafishwa kwa klorini.

Lakini chuma kina chanzo cha pili, nacho ni bomba lenyewe. Hapa ndipo siasa inaingia.

Bakteria hawaelei ovyo ovyo. Wanashika ukuta wa bomba, wanatoa ute unaonata, wanakaa ndani yake kwa tabaka, na wengine wanakuja kujibanza humo. Huo ndio utando. Walio juu wanamaliza oksijeni yote, kwa hivyo chini ya utando hakuna hewa. Chuma kikiwa na sehemu yenye hewa na sehemu isiyo na hewa ndani ya maji yale yale, umeme mdogo hupita kati yake, na ile sehemu isiyo na hewa ndiyo inaliwa. Juu yake kinaota kinundu cha kutu. Chini yake kuna shimo linaloenda ndani polepole.

Humo gizani wanaishi bakteria wa aina nyingine, wanaopumua salfeti badala ya oksijeni. Hao ndio wanaotoa gesi ya yai viza. Gesi hiyo ikigusa chuma inafanya unga mweusi. Kwa hivyo ukiona bomba limetolewa kisimani, nje jekundu, na ukikwangua kinundu ndani ni nyeusi na kunanuka, hujapata uchawi. Waholanzi wawili, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, walieleza jinsi bakteria hawa wanavyokula mabomba ya chuma yaliyofukiwa ardhini, na ilikuwa mwaka 1934.

Kwa hivyo anayesema "ni bakteria, hakuna mtu wa kulaumiwa" pia anakudanganya. Bakteria hawali plastiki. Bomba la chuma lililopakwa zinki, kama mabati ya nyumba, ni la bei nafuu na mafundi wamelizoea, lakini zinki haidumu kwenye maji yenye asidi. Mwaka 1994 Otto Langenegger, akiandika kwa mpango wa UNDP na Benki ya Dunia kuhusu pampu za mkono Afrika, alionya kwamba maji yakiwa na pH chini ya 6.5, hayo mabomba hayafai. Chumvi nayo inaharakisha mambo, na mtu wa Ukambani hahitaji kuambiwa kuhusu maji ya chumvi. Mwaka 2016 Wizara ya Maji ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya aina hiyo kwenye pampu za mkono. Wenzetu tu hapo ng'ambo ya mpaka.

Basi utajuaje chuma kinatoka kwa mwamba ama kwa bomba? Kuna kipimo ambacho hata kamati ya maji ya kijiji inaweza kufanya. Acha pampu ilale usiku mzima. Asubuhi, maji ya kwanza kabisa yakitoka, jaza chupa safi. Endesha pampu saa moja au mbili mfululizo, jaza ya pili. Chukua maji hapo hapo kisimani, si kwa tanki. Kama ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi, na kesho yake bado ni safi, chuma kinatoka kwa mabomba. Kama zote zinageuka rangi ya machungwa kufikia kesho, na kwa kiasi kile kile, kinatoka ardhini. Inaweza kuwa vyote viwili, kwa hivyo peleka maabara ukiweza. Lakini tayari una swali la maana kuliko matusi.

Kama ni mabomba, muulize aliyeandika mkataba: ni nani alichagua chuma, na pH ilikuwa ngapi? Kama ni mwamba, waulize waliozindua: maji yalipimwa chuma kabla ya utepe kukatwa? Kwa nini hakuna kichujio? Kisima hakichimbwi bila idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mchimbaji anatakiwa kuwasilisha rekodi ya kisima kikikamilika. Huduma za maji ziko chini ya kaunti, soma Jedwali la Nne la Katiba. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari hizo, na sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 kujibu. Andika barua, usiandike tu hapa.

Kidokezo kabla hatujaendelea: ukiona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya maji yaliyotuama karibu na kisima, usikimbie kuposti kwamba tumepata mafuta. Gusa kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama vigae, ni bakteria wa chuma. Mafuta hujirudia na kuungana. Mui kuna makaa ya mawe, sawa, lakini tusijiongezee.

Matibabu yapo. Ahadi ya "tutamwaga dawa" haitoshi, maana klorini inaua walio juu ya utando na kuwaacha walio chini. Pampu lazima itolewe, bomba lisuguliwe kwa brashi, klorini iwekwe kwa kipimo, isubiri, halafu maji yamwagwe mpaka yasafike. Na watarudi. Kwa hivyo pesa za kurudia hiyo kazi zinafaa kuwa kwa bajeti, na mara nyingi bajeti ya kisima huishia siku ya uzinduzi.

Kwa chuma cha mwamba, maji hupitishwa kwa ngazi yapate hewa, kisha kwa mchanga. Na hapo wale wale bakteria wanageuka vibarua wetu: wanashika chembe za mchanga, wanakamata chuma, maji yanatoka safi. Mchanga wenye utando hai si ugunduzi wa jana. James Simpson aliutumia kuchuja maji ya Chelsea, London, mwaka 1829, ingawa bakteria walikuwa hawajajulikana kazi yao. Mabwawa ya mchanga ya Ukambani nayo huchuja maji kwa njia hiyo hiyo. Lori likibeba mchanga wa mto usiku, linaondoka na kichujio chenyewe. Uzi wa mchanga na makateli yake unakuja wiki ijayo.