Kasha la King'amuzi Kibovu Linaweza Kubeba Kompyuta



Saa sita usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Karibu kila nyumba yenye televisheni ikahitaji king'amuzi. Vile vya mwanzo vingi vimeshakufa. Ukipita kwa mafundi redio wa hapa Chalinze, pale barabara ya Tanga inapoachana na ya Morogoro, utaviona vimerundikwa pamoja na deki na redio za kaseti, na watu wanaviita takataka. Lakini mara nyingi kilichokufa ni bodi ya ndani tu. Kasha bado ni zima.

Kasha la kompyuta kazi yake ni nini hasa? Hushika bodi isicheze, huikinga na vumbi na mikono ya watoto, na huruhusu joto kutoka. King'amuzi nacho kilitengenezewa kasha kwa kazi hizo hizo, tena matundu ya hewa tayari anayo fundi wa kiwandani ameyatoboa.

Kompyuta inayoenea humo ni ile ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012. Bodi yake ina urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, karibu sawa na kitambulisho cha NIDA, na ilianza kuuzwa tupu, bila kasha. Huunganishwa kwenye televisheni, hutumia umeme wa volti 5, na kumbukumbu yake ni kadi kama ya simu. Kwetu Tanzania si ngeni: shirika la Powering Potential limewahi kuziweka katika shule za sekondari za Karatu, zikitumia umeme wa jua. Ukiweka programu ya Kiwix, mwanafunzi husoma Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti, na bando halihitajiki.

Wenzetu wa Afrika Magharibi, kama kule Ivory Coast, wamekwenda mbali zaidi. Wametengeneza kompyuta ziitwazo Jerry, ambazo bodi na vipuri vya kompyuta kuukuu hupangwa ndani ya dumu la plastiki la lita 20. (Sisi watu wa Chalinze, kwa tunavyoyajua madumu, pengine tungesema kwanza lijazwe maji.)

Sasa tuje kwenye jambo linalotufanya tuandike, kwa sababu tunawajua vijana wetu: wakisoma hapa watachukua bisibisi leo hii. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ndani ya king'amuzi au deki inayochomekwa moja kwa moja ukutani kuna kapasita kubwa ambayo inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Mtoto akiigusa haioni hatari yoyote, maana kifaa kimezimwa. Kwa hiyo kufungua na kutoa bodi ya zamani ni kazi ya fundi. Mwanafunzi apokee kasha likiwa tupu. Televisheni ya chogo isiguswe kabisa. Ndani yake hupita volti zaidi ya elfu ishirini, na kioo chake kina madini ya risasi.

Kasha likishakuwa tupu, kazi iliyobaki ni nyepesi. Ving'amuzi vingi vina sakafu ya bati, na bodi ikilala juu ya bati itapiga shoti. Inyanyueni. Kateni vipande vinne vifupi vya bomba la kalamu ya biki, pitisheni skrubu za milimita 2.5 katikati yake, na bodi itakaa juu kama kitanda juu ya matendegu. Msitumie sehemu ya umeme ya king'amuzi. Tumieni adapta ya volti 5 ya kompyuta yenyewe, waya upite kwenye tundu la antena. Mkumbuke pia kwamba bati huzuia mawimbi ya Wi-Fi. Mwenye kuhitaji Wi-Fi atafute kasha la plastiki.

Joto nalo lisidharauliwe. Kompyuta hii ikifika nyuzi joto 80 hivi hujipunguzia kasi yenyewe, na mchana wa Januari hapa kwetu hausaidii. Akina mama, kile kitambaa kizuri cha kufuma mnachokitandika juu ya king'amuzi kisipande juu ya hiki. Matundu yanataka hewa.

Plastiki na waya zinazobaki zisichomwe uani, moshi wake ni sumu. Bodi ya zamani arudishiwe fundi, kwake bado ina vipuri. Wala msichukue kifaa benchini kwake bila ruhusa mkidhani kimetupwa. Ile ndiyo stoo yake ya spea, na ni mali ya mtu.

Mzazi mwenye king'amuzi kibovu na asiye na haja nacho akilete madrasani kikiwa kimefungwa hivyo hivyo. Tutampelekea fundi akifungue, in shaa Allah, na wanafunzi wa darasa la juu watapima, watatoboa na kufunga mbele ya mwalimu.