Jenerali wa Mahandaki

Ijumaa moja tulikuwa tumekaa tunakula pilau, Wabongo na Wakenya, ukazuka ubishi: uwanja wa Lusail, pale ilipochezwa fainali ya Kombe la Dunia 2022, kaujenga nani? Huyu anasema Wachina, yule anasema Waqatari. Wote walikuwa sawa. Ulijengwa kwa ubia wa HBK ya hapa hapa na CRCC ya China. Mimi mtu wa uhandisi bwana, nikaanza kufukua CRCC imetokea wapi, nikaishia kwa mzee mmoja anayeitwa Jenerali Lü Zhengcao.

Alizaliwa mwaka 1904 mkoa wa Liaoning, akawa ofisa katika jeshi la Zhang Xueliang, mbabe wa Manchuria. Mwaka 1937 Wajapani walipoivamia China, majeshi yakawa yanakimbilia kusini. Yeye, ambaye alishajiunga na Chama cha Kikomunisti, akagoma kukimbia. Akabaki na watu wake katikati ya Hebei.

Sasa Hebei ya kati ni tambarare tupu. Hakuna mlima wala msitu wa kujificha, na adui ana magari. Wanakijiji wakaanza kuchimba. Kwanza vishimo vya kujificha, halafu mahandaki ya kuunganisha nyumba na nyumba, mwishowe kijiji na kijiji. Mlango unaweza kuwa chini ya jiko au ubavuni mwa kisima. Ndani waliweka kona na vizuizi ili moshi na maji ya adui visipite, na matundu ya hewa yaliyofichwa. Jamani, hiyo ni hydroliki na uingizaji hewa, imefanywa kwa jembe!

Mwaka 1955 akapewa cheo cha jenerali, na mwaka 1965 akawa Waziri wa Reli. Mwaka huo huo, mwezi Februari, Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing, na suala la reli ya kwenda Zambia likazungumzwa. Lakini mkataba uliposainiwa Septemba 1967, Lü hakuwepo mezani. Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yamemkumba, akawekwa kizuizini miaka kadhaa. Wizara yake ikajenga TAZARA bila yeye: kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli ya Zambia. Wachina zaidi ya 60 walifia kwetu.

Babu yangu alikuwa kibarua kipande cha Mlimba hadi Makambako, kigumu kuliko vyote, mahandaki na madaraja mfululizo. Mpaka leo ukimtajia Mlimba anakuonyesha viganja kwanza, ndipo anaongea.

Lü aliachiwa, na katikati ya miaka ya 1970 akawa komisaa wa siasa wa Kikosi cha Reli cha jeshi. Kikosi hicho kilivuliwa magwanda mwaka 1984, na ndicho kilichozaa CRCC. Mzee mwenyewe (mpenzi mkubwa wa tenisi, aliwahi kukiongoza chama chao cha tenisi) alifariki Oktoba 2009, wa mwisho kati ya majenerali 57 wa cheo chake.

Septemba 2024, mbele ya marais watatu, yalisainiwa Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kampuni iliyopewa ni CCECC, tanzu ya CRCC. Mwaka 1972 vijana wetu wapatao 200, Watanzania na Wazambia, walipelekwa Beijing kusomea reli. Safari hii sijasikia idadi ikitajwa, na ndilo swali la babu kila nikimpigia simu: mtakuwa mafundi au vibarua tena? Mimi namaliza mwakani. Barua ya kuomba kazi nimeshaituma Dar, nasubiri jibu.