Kulima na Kutunza

Tusikiapo habari za vyura, wengi wetu hukumbuka mapigo ya Misri, vyura walipojaa hata vyumbani. Leo na tumfikirie chura mwingine, aliye karibu kutoweka.

Katika Milima ya Taita yuko chura mdogo mwenye ngozi ya vipele. Wataalamu walimpa jina mwaka 2009, wakamwita Callulina dawida, kwa sababu kwao ni Dawida. Hajulikani kuwako mahali pengine duniani. Usiku hupanda vichaka na miti midogo. Mayai yake hayatagwi mtoni, bali chini msituni, penye majani yaliyoanguka, na mama hukaa hapo akiyalinda. Hakuna viluwiluwi wa kuogelea. Katika yai hutoka chura kamili. Basi unyevu wa msitu ndio kisima chake. Ukikauka, na mayai hukauka.

Unyevu huo huletwa na ukungu wa Bahari ya Hindi, unaonaswa na misitu kama Ngangao, Mbololo na Vuria. Maji hayo hayo hutiririka mpaka mitungini mwetu.

Lakini kati ya mwaka 1955 na 2004, nusu ya msitu wa asili wa milima ile ilitoweka. Mahali pengine palilimwa, pengine pakapandwa misonobari na mikaratusi. Atazamaye kwa mbali huona kijani, akasema, "Msitu upo." Kumbe msitu wa asili umebaki vipande vipande, kama visiwa katikati ya mashamba.

Hatuwalaumu waliolima, watoto walihitaji chakula. Hata sisi makanisani tumependa mikaratusi, maana hukua upesi na kutupatia nguzo na fedha, tukadhani tumetimiza wajibu wetu. Lakini Mwanzo sura ya 2 yatuonyesha kwamba mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili: kulima, na kutunza. Ya kwanza tumeishika. Ya pili tumeisahau.

Basi kila kanisa na lianzishe kitalu cha miti ya asili, tuipande kandokando ya vijito, na kipande cha msitu kilichobaki tusikitie panga. Mama chura hayaachi mayai yake. Je, sisi tutaacha tulichokabidhiwa?

Tuombe. Ee Bwana Muumba, utusamehe tulipochukua bila kutunza. Utufanye mawakili waaminifu wa kazi ya mikono yako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.